Kitovu cha Mtoto wa Wacera

Mwelu ndiye aliyetunza nyumba za kupangisha za mjomba wake Mulwa kule Kinanie, na ndiye aliyeropoka. Alimwambia kwa furaha tu kwamba kitovu cha mtoto wa Wacera, mpangaji wao, kimekatika, na nyanyake mtoto amekizika nyuma ya choo.

Mulwa aliruka. "Kitovu? Kwa ploti yangu? Huyo mtoto akikua si atasema hapa ndio kwao?"

"Mjomba, ni mtoto tu. Na mamake hana shida na mtu."

"Nyamaza. Kesho atoke."

Asubuhi Wacera alifunga godoro lake akiwa bado anatembea kwa shida. "Mwelu, si ni wewe peke yako ulituona tukizika?" Mwelu akainamisha kichwa. "Basi nichimbulie, niende nacho."

Mwelu alichimba mpaka jembe likagonga mawe. Kitovu hakikuwepo, pengine mbwa walikifukua. Akafunga udongo mtupu kwenye kitambaa, akampa kana kwamba kitovu kimo ndani. Wacera alimshukuru, na shukrani hiyo ikamuuma kuliko tusi.

Mulwa alikuja kuangalia lile shimo, akaridhika. "Hicho chumba sasa tafutia mwanamke aliyemaliza kuzaa."