Kabichi Chini ya Mkeka

Waliokuwepo uani kwa Nei Tiene, Bikenibeu, Alhamisi ile mchana, ni hawa: Nei Tiene mwenyewe (kwao Nei ni Bibi, na Ten ni Bwana), Nei Mareta ambaye ni wifi yake, Ten Bwatara ambaye ni binamu wa mumewe, nguruwe mmoja aliyefungwa kamba mguuni, na mgonjwa aliyelala chini ya mkeka, ambaye, kusema kweli, hakuwepo.

Chini ya mkeka palikuwa na kabichi.

Ardhi ya pale ni mchanga na matumbawe, na maji ya chumvi hupanda hadi kwenye mashimo ya magimbi. Anayetaka mboga hana budi kuiinua bustani yake juu. Nei Tiene aliiinua bila kununua kitu. Alimwomba Ten Bwatara friza lake bovu, lile refu la kulala, ambamo bwana huyo alikuwa akizificha nguo za kanisani zisitafunwe na panya. Alimwomba Nei Mareta majani makavu ya mshelisheli wake. Ndugu akikuomba kwa bubuti, ile desturi ya visiwani ya jamaa kuombana, humnyimi; ukimnyima, habari zako zitafika dukani kabla yako. Akalitoboa friza chini kwa msumari ili maji yasituame, akaliweka juu ya mawe, akatandika makumbi ya nazi, kisha majani, makopo yenye kutu, samadi ya nguruwe, na juu kabisa udongo mweusi. Kabichi zikaota, zikanenepa kwa kiburi.

Ila bubuti huenda na hurudi. Na Nei Tiene alikuwa amekwisha kusimama katikati ya maneaba, ukumbi wa mikutano wa kijiji, mbele ya kina mama wote, akatamka kwamba kamati ya bustani ikipita Jumamosi itakuta mboga mbichi uani kwake, na isipozikuta, wamwite mwongo mpaka siku ya kuzikwa. Kina mama walipiga makofi. Baadhi yao waliyapiga polepole, kama watu wanaoweka akiba.

Kwa hiyo ndugu mmoja tu akiiona bustani hiyo na kuitamani kabla ya Jumamosi, Nei Tiene ameumbuka. Ndiyo maana kila aliposikia kandambili za jamaa zikikaribia, alilifunika friza kwa mkeka na kusema mumewe, Ten Ioteba, amelala, anaumwa.

"Kaka yangu anaumwa nini?" aliuliza Nei Mareta.

"Homa, wifi."

"Mbona amevimba tumbo, magoti, mpaka kichwa?"

"Ni homa ya kuvimba."

"Imemwanza lini?"

"Imezidi ulipoingia tu."

Ten Bwatara aliinama, akatazama pembeni ambako mkeka haukufika. "Shemeji, huyu mbona amelala ndani ya friza langu?"

"Kwa ajili ya homa, shemeji. Si lazima apoozwe?"

"Friza lenyewe limekufa!"

"Ndiyo maana hajapona."

Hoja hiyo ilikuwa na mpangilio mzuri, na Ten Bwatara akatikisa kichwa kuikubali. Nei Mareta, kwa upande wake, alipitisha mkono chini ya mkeka mahali alipodhani pana kichwa. Bustani ilikuwa imetoka kumwagiliwa.

"Mungu wangu! Amepoa! Amelowa chapachapa!"

"Jasho la kupona hilo, wifi, usimwamshe."

Nei Mareta hakuwa mtu wa kuambiwa asiombe. Alipiga magoti, akaanza sala kwa sauti iliyomfanya nguruwe ajaribu kukata kamba. Alimtaja kakaye tangu alipokuwa mtoto wa kuiba asali ya mnazi; alimsamehe mashua na nyavu alizomchukulia, na maneno aliyomtupia. Ten Bwatara alivua kofia, akalia naye.

Ndipo Ten Ioteba aliporudi kutoka kuvua, mbichi kama samaki aliowabeba. Alipoona jamaa zake wanalia, aliweka samaki chini, akavua kofia, akapiga magoti karibu na binamu yake.

"Nani amefariki?" alinong'ona.

"Wewe," alijibu Ten Bwatara bila kufumbua macho.

"Mimi?"

"Hebu kaa kimya, tunakuombea."

Nei Mareta alifumbua jicho moja. Likamwona kaka, likauona mkeka, likarudi kwa kaka. Kisha akauvuta mkeka.

Kabichi zilikuwa za kijani sana. Nei Mareta aliipapasa moja kama shavu la mtoto.

"Wifi," alisema kwa ile sauti tamu ambayo kisiwa kizima kinaijua na kuiogopa, "nakuomba bustani hii."

Nei Tiene aliukunja mkeka. "Chukua, wifi. Ni yako."

Wanaume walishika friza huku na huku, wakahesabu, wakainua. Kilichotoka mahali pake ni vifungo vya shati la Ten Bwatara tu.

"Basi mwageni udongo," aliamuru Nei Mareta. "Tutaibeba vipande vipande."

Ten Bwatara alikwisha kuzamisha koleo. Nei Tiene aliona mizizi myeupe ikichungulia, akaiona na Jumamosi.

"Ngoja, shemeji! Wifi, na mimi nina ombi."

"Sema," alijibu Nei Mareta, na papo hapo akajuta.

"Nakuomba wewe."

"Mimi? Mimi kama nani?"

"Wewe mzima, na mto wako."

Nei Mareta alifungua kinywa, akamtazama Ten Bwatara, ambaye hakuna neno lililowahi kulala ndani yake usiku mmoja, akakifunga.

"Mke wangu," alisihi Ten Ioteba kwa sauti ya chini, "anakoroma huyu, nimekua naye. Kabichi ni kabichi tu."

Nei Tiene alisimama wima, akatumia sauti yake ya maneaba.

"Sikilizeni nyote. Bustani ni ya wifi Mareta kuanzia sasa, na wifi Mareta ni wa hapa. Atalala pale kivulini, karibu na mali yake, na kuimwagilia ni kazi yake asubuhi na jioni. Kamati ikija Jumamosi itakuta mboga mbichi uani kwangu, kama nilivyosema. Bwatara, weka hilo koleo, nenda kamletee nguo zake. Na wewe Ioteba, para hao samaki. Tumeongezeka."