Mtoto wa Kwenye Matete

Jumatatu ya Pasaka mwaka 2019, mke wangu Valérie alitaka tupande hadi ziwa lililo juu ya kijiji nilikozaliwa, kule Masisi. Yeye ni wa Butembo, hakuwahi kupaona. Alijua tu habari zake, maana mama yangu, kabla hajafariki, alimsimulia kila mgeni aliyeingia kwetu, mtaa wa Majengo: jinsi vita vilivyofika kijijini mwaka 2007, na jinsi mimi Prodige, nikiwa na miaka kumi na sita, nilivyombeba dada yangu Bénita mgongoni, nikapita naye kando ya ziwa, nikatembea naye mpaka kambi ya wakimbizi ya Mugunga.

"Utatuonyesha kila mahali mulipumuzika," Valérie aliniambia.

Gari lilitushusha pale barabara inapoishia, tukaingia msituni: mimi, Valérie, binti yetu Séraphine wa miaka sita, na Bénita, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Mianzi ilitudondoshea maji shingoni, na matope yalimvua Séraphine kiatu mara tatu. Hakukawia kuchoka.

"Papa, unibebe kama ulimubeba shangazi."

Nikambeba. Bénita alikuwa mbele yetu. Hakugeuka.

"Ni hapa?" Valérie aliuliza kila tulipopita jiwe kubwa. Mwishowe nikamwonyesha mti mmoja ulioanguka, nikasema tulilala chini yake. Akaupiga picha.

Mti ule sikuwahi kuuona. Siku ile ya vita nilikuwa nimemshika Bénita mkono tu, akiwa mtoto wa miaka mitano, na risasi zilipolia karibu na ziwa nilimwingiza kwenye matete, nikamwambia: "Kaa hapa, usilie, ninarudi." Sikurudi. Nilikimbia mpaka Mugunga, na huko nikakaa siku mbili nikijificha kati ya mahema, nikiogopa kukutana na mama, ambaye naye alikuwa amekimbilia huko. Siku ya tatu nikamwona Bénita ameketi mbele ya turubai lililokuwa kanisa, amevikwa koti la mwanamume. Kuna mtu alikuwa amemleta, akaenda zake. Nilimpandisha mgongoni na kumtafuta mama. Alipotuona alipiga kelele: "Umemubeba mpaka huku!" Nikanyamaza. Jioni majirani walikuja kunishika mkono, nikanyamaza tena.

Tulifika ziwani karibu saa sita za mchana. Maji yalikuwa meusi, yametulia, ukungu ukiondoka juu yake polepole. Valérie alitandika kitenge, akatoa viazi na sombe ya majani ya muhogo. Pembeni mzee mmoja alikuwa akikata matete ya kusukia mikeka. Alitusalimu, akasema anaitwa Habarurema. Valérie akamkaribisha chakula, na kwa vile ni mtu wa kupenda kuongea, akaanza:

"Muzee, huyu bwana yangu ni wa hapa. Wakati wa vita alimubeba dada yake, huyu hapa, mpaka Mugunga."

Mzee alimtazama Bénita. Alitazama hasa kovu alilo nalo kidevuni tangu utotoni.

"Huyu?" alisema. "Mama, huyu mutoto ni mimi nilimutoa kwenye matete. Pale. Alikuwa peke yake, alilala humo usiku muzima."

Valérie alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Mimi nilitazama kiazi mkononi.

"Labda ni mwengine, muzee," Bénita alisema taratibu. "Mimi nilibebwa na kaka yangu."

Mzee akavua kofia. "Basi munisamehe, mama. Macho yangu imezeeka."

Uso uliniwaka. Mtu aliyemwokoa dada yangu alikuwa akituomba msamaha, na dada yangu alikuwa akisema uongo kwa ajili yangu, mbele ya mtoto wangu.

"Muzee, hukukosea," nikasema. "Ni yeye. Mimi ndiye nilimuacha."

Mzee aliuliza, "Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi na sita."

Alifikiri. Nilitumaini atasema nilikuwa bado mtoto. Akasema, "Alikataa kutoka. Aliniambia kaka yake anarudi. Nilimubeba kwa nguvu, ananipiga."

Valérie alimgeukia Bénita. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Lakini mama alikuwa anafurahi sana. Ningemwambia nini?"

Valérie akamshika Séraphine mkono, wakaenda kukaa mbali. Bénita alisogea karibu na mzee, akamuuliza alimpa nini kula njiani, na koti lile lilikuwa la nani. Lilikuwa la mwanawe aliyeuawa mwezi ule ule. Niliwasikia wakiongea kwa muda mrefu. Nilitaka kumshukuru yule mzee, lakini badala yake nikaanza kukunja kitenge.

Tuliteremka. Valérie bado ni mke wangu, tunaishi vizuri, lakini picha ya ule mti aliifuta, na mgeni akiuliza habari za vita yeye huenda jikoni. Bénita hupanda kumwona mzee kila likizo, humpelekea sukari na sabuni. Huniaga anapoondoka, hunisalimu anaporudi. Hajaniambia twende pamoja, nami sijathubutu kumwomba.