Macho Kwenye Ovaroli

Fundi umeme wa kiwanda cha unga alirudi nyumbani jioni, akavua ovaroli yake ya buluu mlangoni ili unga usiingie ndani, akaitundika kwenye msumari. Mama yake mdogo, mjane mshona mapazia aliyekuwa akikaa naye, akaichukua kwenda kuifua kabla unga haujaganda kwenye mishono. Alipofika kwenye mfuko wa nyuma, kidole chake kikagusa kitu chenye unyevu. Lilikuwa jicho. Lilikuwa la kahawia, limeshika kitambaa kama kifungo kilichoshonwa na mtu anayeijua kazi. Povu lilipolifikia, likatoa machozi. Kufumba halikuweza, maana lilikuja bila kope.

"Binti yangu," akaita, "kuna mtu kaacha jicho kwenye nguo yako."

"La nani?"

"Halijaandikwa jina."

"Basi la bwana stoo. Ndiye anayenishikia ngazi."

Mama mdogo akachukua wembe wa kufumulia, akalitoa taratibu asitoboe kitambaa, akaliweka kwenye bakuli la maji safi na kulifunika kwa kisahani kwa sababu ya mende. Kisha akaosha mikono, akasali, akapakua chakula.

Kesho yake bwana stoo alipiga hodi. Alikuwa amejifunga leso upande mmoja wa uso.

"Karibu, baba."

"Asante, mama. Nimekuja kwa lile jambo."

"Jambo gani?"

"Kuna kitu changu kimefika hapa kwa bahati mbaya."

"Ulikiacha wapi?"

"Sikukiacha. Nilikitupa tu mara moja. Si unajua tena, mama. Macho hayana pazia."

Mama mdogo alikuwa ameshona mapazia tangu hajaolewa, na maneno hayo aliyasikia tangu hajaanza kushona. Aliyasikia kisimani, aliyasikia kwenye foleni ya hospitali, na aliyasikia siku ya kumzika mumewe kutoka kwa mtu aliyekuwa amebeba jeneza. Akachomeka sindano kwenye kitambaa.

"Yana pazia," akasema. "Aliyeumba jicho aliliwekea kope, juu na chini, na mshono wake hauchakai. Hili lako limefika hapa bila kope. Kope umebaki nazo wewe. Ulikuwa unazitunzia nini?"

Bwana stoo akatazama miguu yake kwa jicho alilobakiwa nalo.

"Nitakupa," mama mdogo akaendelea. "Sikai na mali ya mtu. Lakini utaje ulipolitupia."

"Kwenye ngazi."

"Ngazi haivai ovaroli."

"Mama, nionee huruma. Mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana nakuuliza. Mtoto ningempa tu. Taja, na utaje kwa sauti, mwenyewe yuko jikoni asikie."

Bwana stoo akataja. Jikoni mwiko ukasimama kidogo kwenye sufuria, kisha ukaendelea kusonga. Mama mdogo akampa bakuli. Bwana stoo akalirudisha jicho mahali pake kwa kidole gumba, akapepesa, akaondoka bila kunywa maji aliyokaribishwa.

Baada ya hapo yakaja mengine. Mengi yalishika nyuma, machache kifuani, na moja lilikutwa chini ya kwapa, likiwa limechoka. Ovaroli yenyewe ilikuwa ya mzee aliyestaafu, watu wawili wangeingia ndani yake wakabaki wanaongea. Baadhi ya wenye macho walikuja, wakataja, wakapewa. Wengine waliona heri chongo kuliko kutaja, wakawa wanatembea kiwandani wakigonga mapipa. Kwao walisema ni vumbi la unga.

Mwanamke wa mizani, aliyepima viroba na kuitwa Mama Mizani hata na watoto wake mwenyewe, alimsubiri fundi umeme bombani.

"Mdogo wangu, nikwambie kitu kwa mapenzi tu. Mwanamke ni stara. Wewe uko juu, wao wako chini. Ungejifunga hata shuka."

"Nikijifunga shuka, dada, nitakanyaga pindo nianguke."

"Bora uanguke umejistiri."

Alisema hivyo bila ubaya. Kisha akamsaidia kujitwisha ndoo.

Mwisho wa juma meneja akamwita ofisini. Hakumpa kiti.

"Unga unamwagwa nje ya viroba," akasema. "Wanaume wangu wanafanya kazi na jicho mojamoja. Nani kawaharibu?"

"Wamejiharibu."

"Jicho la mwanamume halitoki lenyewe. Likitoka, limevutwa." Meneja akapangusa miwani yake. "Utavaa joho juu ya hiyo ovaroli, kuanzia shingoni mpaka kwenye viatu. Likipotea jicho jingine hata moja, unashuka ngazi. Unarudi kwenye viroba."

Fundi umeme alivijua viroba. Alivishona midomo kwa miaka mingi, ameinama, huku akisoma masomo ya umeme jioni na vidole vimevimba. Waliokuwa wakishona naye, mgongo haukuwanyooka tena. Juu ya ngazi palikuwa na taa, mota na mahali pa kunyoosha mgongo, naye alikuwa amepafikia. Akasema sawa, atavaa.

Mama mdogo alilishona joho kwa kitambaa cha pazia la ukumbi, kile kizito kisichopitisha jua. Alipiga cherehani bila kuimba.

"Nakushonea kwa sababu umeniomba," akasema. "Mungu ananiona, mkono hautaki."

Siku fundi alipopanda nalo, macho yalikuja mengi kuliko siku zote, kwani palipofunikwa pakawa pa kukisiwa, na kukisia kunataka macho mengi. Yaligonga kitambaa kama maharage yanayomwagwa kwenye sinia. Joho likawa zito. Alipokuwa akishuka akakanyaga pindo, mguu ukakosa kidato, akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja juu ya mashine ya kusagia. Alimwita bwana stoo aishike ngazi. Bwana stoo alikuwa akiitafuta kwa kupapasa ukuta, maana safari hii alikuwa ametupa yote mawili.

Akajivuta mwenyewe, mguu ukapata kidato. Akafungua vifungo vya joho palepale juu, akaliacha lianguke. Lilitua sakafuni likatandazika, macho yakiangalia dari. Jicho moja, lililokuwa kiunoni, lilikuwa na kioo chake cha miwani. Watu walilitazama, kisha wakamtazama meneja, kisha wenye cha kutazamia wakatazama kwingine.

"Kesho viroba," meneja akasema, akainama kuokota kioo.

Jioni ile mama mdogo alitoa wembe wake kama kawaida. Waliookota yao kwenye joho walikuwa wameyatupa tena, yakashika ovaroli kabla fundi hajafika chini. Yalikuwa yamejaa mgongo mzima.

"Usiyatoe, mama," fundi akasema.

"Niyaache yote haya?"

"Walitaka kutazama. Basi yakae yatazame."

Mama mdogo akafikiri. Akaifua ovaroli akizunguka kila jicho kwa ncha ya kitambaa, asije akaliumiza, akaianika kivulini. Aliposali usiku, alimwombea mwanawe asianguke. Wengine hakuwataja.

Asubuhi fundi umeme hakwenda kwenye viroba. Alichukua ngazi, akaiegemeza, akapanda kabla mtu hajafungua mdomo. Kwenye taa ya katikati aligeuka kuchomoa waya, mgongo wake ukaelekea chini, na macho yaliyokuwa mgongoni yakaona walichokuwa wameshindwa kuona wenyewe. Kila mwanamume aliyekuwa na jicho pale juu alijiona kutoka juu. Bwana stoo alikiona kipara chake chenye unga, na mdomo wake ukiwa wazi. Msaga mahindi aliona jinsi anavyolamba midomo. Kijana mmoja wa mashine alijiona amesimama na mikono mfukoni, akaitoa. Walikuwa wadogo, wamekusanyika kama kuku wanaosubiri punje.

Kazi ikasimama. Mwenye kofia akaivaa. Asiye na kofia akachukua kiroba kitupu akajifunika.

"Shuka!" meneja akasema. Alikuwa amesimama nyuma ya mizani, na alijiona huko pia.

"Taa bado, mzee."

"Nasema shuka. Watu hawawezi kufanya kazi wakitazamwa hivi. Haiwezekani mtu aende kazini kutafuta riziki halafu anatazamwa kutoka juu mpaka chini kama bidhaa!"

Wanawake wa viroba waliinua vichwa. Mama Mizani akapaliwa na mate.

"Mimi natazama waya," fundi umeme akasema. "Yanayowatazama ni yenu. Mtu akilitaka lake, aje hapa chini ya ngazi, ataje alipolitupia. Nitamshushia."

Hakuja mtu. Akafunga taa, ikawaka, akaonekana kila mmoja vizuri zaidi.

Hakurudi kwenye viroba. Amri ya kumshusha haikufutwa. Meneja aliitoa kila asubuhi kwenye kipaza sauti, baada ya matangazo ya zamu, na kila asubuhi fundi alipanda ngazi ikiwa inasomwa. Kiwanda kikagawa kofia pana kwa wanaume wote, ili kuwahifadhia heshima yao. Hakuna aliyewaambia washushe nyuso. Wenye kofia waliendelea kutupa macho kama zamani, wakizikunja pembe kidogo ili yapite, na mama mdogo alifua ovaroli akiyazunguka, akanunua sabuni isiyowasha.

Joho halikutupwa. Lilisafishwa, likapunguzwa mabega, akapewa msichana mpya wa viroba siku yake ya kwanza. Mama Mizani ndiye aliyemfunga vifungo, akamwambia mwanamke ni stara. Saa ya mapumziko fundi umeme alimkuta amekaa pembeni, akinyoosha vidole.

"Umewahi kushika ngazi?"

"Hapana, dada."

"Njoo."

Msichana akaitazama ngazi mpaka juu. Akajaribu kuishika, mikono ya joho ikamfunika vidole. Akalivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mizani, sindano ya mizani ikasogea. Akaishika ngazi kwa mikono miwili, na miguu akaitanua kama alivyoelekezwa. Jicho la kwanza likamfika begani, la pili shingoni. Mabega yakamsisimka lakini mikono haikuachia.

"Dada, yamenishika. Niyapanguse?"

Fundi umeme alikuwa tayari kwenye kidato cha tatu.

"Shika ngazi kwanza," akasema, akapanda.