Matundu Tisa ya Ukuta

Bi Rahila hana dogo kwa usafi. Ukimkuta anafagia, usithubutu kupita na viatu vya tope, maana atakusema mpaka ujute kuzaliwa.

Basi ulipojengwa ukuta wa kuzuia bahari pale Mtoni, nyuma ya nyumba yake, furaha aliyokuwa nayo haisemeki. Miaka mitatu bahari ilikuwa inaula uwanja wake kidogo kidogo, mpaka mti wa kufungia kamba ya nguo ukaanguka majini. Fundi Msabah, kijana aliyemjua toka anatambaa, ndiye aliyeujenga. Ukuta umenyooka, mawe yamekaa vizuri. Kasoro moja tu: chini kabisa palikuwa na matundu ya upana wa ngumi, tisa, toka kwake mpaka kwa jirani yake Tabia. Bahari ikijaa sana, kaa walipenya humo wakamwingilia uwani, na taka juu yake.

"Vijana wa siku hizi!" alisema. "Kazi nzuri yote hii, kuziba tu kumemshinda."

Siku mtaa mzima ulipokwenda harusini Kidichi, yeye alibaki. Akachanganya saruji na mchanga, akaziba yote tisa, akalainisha kwa kiganja. Kisha akanawa, akanywa chai yake.

Masika yakaingia. Mvua ikapiga siku mbili mfululizo. Maji yakateremka toka barabara ya Bububu kuelekea pwani kama kawaida yake, yakafika ukutani, yakasimama. Kwa Bi Rahila yalifika magotini. Kwa Tabia, palipo chini zaidi, yaliingia mpaka chumbani, godoro likalowa, na ukuta wa jikoni ukafanya ufa.

Asubuhi yake Sheha Ahmada akawaita watu barazani kwake, na Msabah akiwemo.

"Bahari umeizuia, haya," Tabia alimwambia Msabah kwa ukali. "Na mvua je, iende wapi? Umetujengea birika la maji!"

Bi Rahila naye hakubaki nyuma. "Kazi ya pupa hiyo, mwanangu."

"Hukuweka njia ya maji?" aliuliza Sheha.

"Niliweka. Matundu, chini ya ukuta, maji ya mvua yatokee."

"Yako wapi?"

Msabah akatazama vidole vya miguu yake. 

Lahaula! Kumbe matundu yale aliyoyaziba Bi Rahila ndiyo njia ya maji!

"Kipande cha pili cha ukuta kinaanza mwezi ujao," Sheha alisema, "na mimi ndiye nnayeulizwa fundi gani apewe. Kwa hali hii siwezi kukutaja."

Msabah akaitikia kwa kichwa tu. Hakuna aliyemwona Bi Rahila siku ile ya harusi, na angenyamaza yangeishia hapo hapo. Akisema, Tabia, jirani yake wa miaka ishirini, atamtazama kwa jicho gani? Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akapiga moyo konde, akasimama.

"Mwacheni kijana wa watu. Aliweka. Mimi ndiye nliyeziba."

Watu wakamgeukia.

"Wewe, Bi Rahila?" Tabia aliuliza.

"Mimi. Nlidhani kasahau."

Tabia akajitanda kanga yake, akatoka bila kuaga.

Wengine wakafuatana mpaka ukutani. Msabah akaingia majini na mtaimbo, na hakutafuta wala kupapasa, akaenda moja kwa moja mahali lilipokuwa tundu la kwanza.

"Ulijua!" Bi Rahila alisema.

"Toka alfajiri. Nlipapasa humu. Hakuna fundi anayelainisha saruji namna hii; usafi huu ni wako tu."

"Na ukakaa kimya, watu wanakusema, na mimi nimo? Na kazi inakutoka?"

"Nkuseme wewe mbele ya watu, Bi Rahila?"

Hapo machozi yalimtoka, hakuyazuia. Akamnyang'anya mtaimbo, akakunja kanga yake kiunoni, akapiga. Pigo la nne saruji ikapasuka, maji yakaanza kunguruma kwenda baharini. Msabah akanyoosha mkono apokee.

"Niachie," alisema Bi Rahila. "Manane yaliyobaki ni yangu."

Tabia alikuwa amesimama kizingitini kwake, mikono kiunoni, maji yanampita miguuni.

"Bi Rahila!" aliita, na ukali bado umo sautini. "La kwangu kwanza!"

"Naam," aliitikia Bi Rahila, akaenda.