Treni Isiyo na Mkia

Treni ya saa kumi na dakika ishirini bado inapita nyuma ya jiko langu, ingawa reli ziling'olewa miaka thelathini iliyopita zikapelekwa kuyeyushwa. Inapita mwezi wa Novemba tu, tena siku za ukungu. Kwanza vikombe hutetemeka kwenye kulabu zake. Halafu harufu ya moshi huingia chini ya mlango, katika kijiji ambacho hakuna tena anayechoma makaa. Nayahesabu mabehewa nikiwa nimeligeuzia dirisha kisogo: moja, mawili, mpaka kumi na manne. Yalitakiwa kuwa ishirini na moja. Baada ya la kumi na nne panakuwa kimya, na ndani ya kimya hicho ndimo nilimoishi tangu nina miaka ishirini na miwili.

Njia yetu ilipofungwa mwaka 1964, mume wangu Wilfred aliinunua nyumba ya stesheni. Watu wa Harrowbeck walicheka kwenye baa: Thackray kafukuzwa kazi, kainunua kazi yenyewe. Hawakujua kwamba hakuweza kuondoka. Kibanda cha ishara alichofanyia kazi kilibomolewa, ikabaki misingi ya matofali na upupu umeota juu yake, lakini kila jioni ya ukungu aliinuka kitini saa ile ile akasimama dirishani. Nami nilisimama nyuma yake. Hatukuambiana neno. Tuliishi hivyo mpaka mwaka 1981, alipofia kwenye kiti hicho, uso wake umeelekea nje.

Amos Pickersgill mwenyewe, gadi aliyekufa katika ajali ya treni hiyo, hajawahi kunitokea. Angekuja ningejua la kumwambia. Lakini anayekuja si mtu, ni treni, na treni huwezi kuiomba radhi.

Alhamisi moja ya Novemba mwanangu Geoffrey alikuja na karatasi za kitabu chake. Ni mwalimu, na amekiandika kila likizo kwa miaka sita: historia ya stesheni ya Harrowbeck, tangu jiwe la kwanza hadi treni ya mwisho. Alikuwa na picha za stesheni masta wenye masharubu, orodha ya maua yaliyoshinda tuzo ya bustani, hata jina la paka wa chumba cha kusubiria.

"Ukurasa wa thelathini, mama. Sikiliza, baba yumo."

Akanisomea. Novemba 1952, treni ya mizigo ilipita stesheni ikiwa nzima, ikipanda mlima. Cheni ikakatika huko juu. Mabehewa saba ya nyuma yakarudi yenyewe kwa mteremko, yakapita tena stesheni ndani ya ukungu, kwa sababu gadi Amos Pickersgill, aliyekuwa behewa la mwisho, alisinzia wala hakufunga breki. Treni ya abiria iliyokuwa ikifuata iliyagonga chini ya daraja. Abiria waliumia, aliyekufa ni gadi peke yake. Wilfred Thackray, mtu wa ishara, aliwahi kusimamisha kila kitu kilichobaki njiani, na bila yeye wangekufa wengi.

"Umeandika vizuri," nikasema.

"Kuna tatizo dogo. Mjukuu wa Pickersgill ameniandikia, anaitwa Lorraine. Anataka niubadilishe ukurasa huu. Kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa Jumatatu, kwa hiyo nimemwambia aje Jumamosi anywe chai hapa, akuone wewe. Wewe ndiye uliyebaki."

"Mimi sikuona kitu."

"Basi mwambie hivyo hivyo. Atatulia."

Jumamosi ukungu ulishuka tangu saa nane. Lorraine Pickersgill alifika na koti la mvua na mkoba uliojaa karatasi, mwanamke wa miaka ishirini na saba hivi, mwenye mikono mikubwa. Niliitambua mikono ile: ilikuwa ya Amos. Nilikata keki ya matunda nikaweka na vipande vya jibini.

"Chukua kidogo," Geoffrey akamwambia. "Keki ya mama ingeweza kuzuia treni."

Akajuta papo hapo, uso ukamwiva. Lorraine akacheka, pengine kwa kumhurumia.

"Bibi yangu alikuwa akisema babu hakuwahi kulala hata kanisani, na huko mchungaji mwenyewe alikuwa anasinzia." Akaacha kucheka. "Baba yangu alikuwa na miaka saba. Shuleni hapa hapa kijijini, akipita, wenzake walikuwa wanakoroma. Darasa zima. Mtoto wa mlalaji. Bibi akahamia naye mji wa Leeds, na hata huko baba alikuwa haketi kwenye kiti chenye mito, asije akaonekana amefumba macho."

"Ninaelewa, Bi. Pickersgill," Geoffrey akasema, kwa sauti anayoitumia kwa wazazi wa wanafunzi. "Lakini wakubwa wa reli walichunguza. Baba yangu aliapa kwamba aliiona taa."

Hapo ndipo kesi yote ilipolala. Watu hudhani kazi ya mtu wa ishara ni kuvuta vyuma. Vyuma ni kazi ya mikono tu. Kazi yenyewe ni ya macho. Kila treni inayopita lazima uitazame mpaka mwisho, uione taa nyekundu inayoning'inia nyuma ya behewa la gadi. Ukiiona, treni imepita yote, nawe unamgongea kengele mwenzako wa kibanda cha chini: njia iko wazi, leta nyingine. Usipoiona, kuna kipande cha treni kimebaki njiani nyuma yake, na huthubutu kuigusa kengele.

"Aliapa," akasema Lorraine. "Na babu yangu alikuwa maiti. Nani angeapa upande wake?"

Geoffrey akafungua mdomo ajibu. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

Vikombe vikaanza. Sikugeuka, nilishika meza. Moja, mawili, matatu. Geoffrey aliendelea kusema habari za ushahidi na kumbukumbu, hakusikia kitu, hajawahi kusikia maisha yake yote. Lakini Lorraine alikuwa ameinua kichwa.

"Kuna lori linapita nyuma?"

"Lori gani?" Geoffrey akauliza. "Nyuma hakuna barabara. Ni njia ya waenda kwa miguu."

Lorraine aliinua kidole kumzuia. Alikuwa ametega sikio, midomo inacheza kidogo, nikatambua kwamba anahesabu. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kimya kikaja. Akasubiri. Nilimwona akisubiri kama ninavyosubiri mimi, shingo imekakamaa, halafu akageuza uso taratibu, si kuelekea mlimani ilikokwenda treni, bali kule chini, upande wa daraja.

"Mbona imekatika?" akaniuliza.

Hakumuuliza Geoffrey. Aliniuliza mimi. Miaka arobaini na minne nilikuwa nadhani kile kitu ni adhabu yangu na ya Wilfred, kimefungiwa pamoja nasi. Kumbe kilikuwa kinamtafuta mtu mwingine amsikie.

"Nilikuwamo kibandani," nikasema.

"Mama, kibandani haruhusiwi mtu. Baba asingekubali."

"Hakukubali. Nilipanda ngazi tu, nikafungua mlango."

"Kufanya nini?" Lorraine akauliza.

Hilo ndilo nililokuwa nimelificha. Ya Wilfred ningeweza kuyasema siku nyingi zilizopita. Marehemu hana tena wa kumfunga. Nilimtazama mwanangu, nywele zake zimeanza mvi masikioni, na karatasi zake za miaka sita mbele yake.

"Nilikwenda kumwambia kwamba nina mimba yako."

Geoffrey akaweka kikombe chini.

Nikaeleza. Wilfred alinikumbatia, mgongo wake ukiwa dirishani. Treni ikaanza kupita chini yetu, sakafu ikatetemeka, naye anacheka sikioni mwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikitazama nje, juu ya bega lake. Nililiona behewa la mwisho likiingia ukunguni: behewa la mawe, wazi, halina taa. Nilikuwa mke wa mtu wa ishara mwaka mzima. Nilijua maana yake. Mkono wake ukaniachia mgongoni ukaenda kwenye kengele wenyewe, kama mkono wa mtu anayejikuna usingizini, ukagonga: njia iko wazi. Nikajiambia ukungu umeimeza taa. Sikutaka aache kucheka.

"Mabehewa yale hayakurudi popote," nikamwambia Lorraine. "Hayakufika hata huku stesheni. Yalikatikia chini ya daraja, na babu yako aliyafungia breki yakasimama, kama alivyofundishwa. Alikuwa kazini. Sisi ndio tulioileta treni ya abiria juu yake."

"Baba alisema aliyasikia yakirudi," Geoffrey akasema polepole.

"Alirudi nyumbani usiku ule akaniambia mtoto wetu hatazaliwa baba yake akiwa jela. Kesho yake akaenda kuapa. Mimi hakuna aliyeniuliza, maana kwao sikuwamo."

"Alijua kwamba uliona?"

"Sikumwambia kamwe. Sijui kama alijua."

Geoffrey akasimama, akavaa koti akakosea mkono mmoja, akatoka bila kufunga mlango. Ukungu ukaingia jikoni. Nilisikia viatu vyake kwenye jukwaa la stesheni, kisha havikusikika.

Nikamgeukia Lorraine. Nilikuwa na maneno tayari, niliyokuwa nimeyatayarisha kwa ajili ya Amos.

"Usiniombe radhi," akasema kabla sijaanza. "Wa kuombwa ni bibi yangu, na yeye yuko kaburini Leeds. Wa pili ni baba yangu. Mimi sina mamlaka ya kupokea." Hakupaza sauti. Akatoa karatasi nyeupe mkobani na kalamu, akasogeza keki pembeni. "Andika. Tarehe, saa, mahali uliposimama. Halafu weka sahihi."

Niliandika kurasa mbili. Alizisoma mara mbili, akanisahihisha tahajia ya jina la babu yake, akazikunja. Mlangoni alisimama.

"Huwa inakuja kila siku?"

"Novemba. Siku za ukungu."

"Na unakaa humu peke yako."

"Ndiyo."

Nilidhani atasema stahili yako. Alifunga vifungo vya koti mpaka shingoni, akaenda zake.

Jumapili Geoffrey hakuja kula, mara ya kwanza tangu afiwe na baba yake. Nilipika nyama ya kuoka nikaila peke yangu, nyingine nikaifunika sahani. Simu haikulia. Nilimfikiria akiwa kwake, mtoto niliyempa jina zuri kwa uongo, akipima ni kiasi gani cha maisha yake kilijengwa juu ya yale mabehewa saba.

Jumatatu asubuhi, saa mbili, niliusikia ufunguo wake. Aliingia na karatasi ya ukurasa wa thelathini mkononi. Alikuwa ameyafuta maneno yote kwa mistari, kuanzia juu mpaka chini, ila tarehe. Hakuketi. Hakunisalimu.

"Mpiga chapa amenipa mpaka saa sita," akasema. "Lorraine amenisomea karatasi yako kwenye simu. Kuna jambo hukuliandika."

"Nimeandika yote."

"Hukuandika alisema nini. Baba. Ulipomwambia." Akaitazama karatasi, si mimi. "Alifurahi?"

Ningeweza kumwambia kwamba alishtuka, kwamba alinigombeza kwa kupanda kibandani, kwamba alikuwa na haraka. Ingekuwa rahisi kwake kubeba. Lakini nilikuwa nikisema kweli tangu Jumamosi na sikujua tena njia ya kurudi nyuma.

"Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile," nikamwambia. "Alifurahi mpaka asisikie treni."

Geoffrey aliitazama mikono yake kama mtu aliyekabidhiwa kitu ambacho hakukiagiza. Kisha akavuta kiti, akafungua kofia ya kalamu, akaniambia nianze upya tangu ngazini, polepole, aandike.