Kichwa cha Mia na Ishirini

Barua ya bodi ya elimu ilikuwa fupi, na barua fupi za bodi hazijawahi kuleta heri. Ilisema kwamba fedha za mwaka ujao hazitoshi shule zote sita. Kwa hiyo shule yoyote itakayokutwa na wanafunzi chini ya mia na ishirini siku ya Jumanne itafungwa, na watoto wake watahamishiwa shule ya ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa saa mbili kwa miguu ya mtoto. Mwalimu mkuu aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Kisha akafungua rejista za madarasa yote akahesabu kwa ncha ya kalamu. Mia na kumi na tatu. Akahesabu upya kuanzia darasa la mwisho kurudi la kwanza, kana kwamba watoto huongezeka wakihesabiwa kinyumenyume. Mia na kumi na tatu.

Saba tu! Shule ya miaka arobaini ife kwa kukosa watoto saba. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hao saba alijua pa kuwatafuta. Aliwatoa yeye mwenyewe.

Tuseme ukweli, maana yeye hakuwa tayari kuusema. Miaka mitano nyuma shule yake ilishika mkia katika mtihani wa mwisho, na bodi, ambayo iliamini kuwa dawa ya shule dhaifu ni kuidhoofisha zaidi, ikaukata mgao wake nusu. Mwaka ule walimu waliandika ubaoni kwa vipande vya plasta ya ukutani kwa kukosa chaki, na darasa la pili lilipoezuliwa na upepo lilikaa bila paa mpaka mvua zikaisha. Mwalimu mkuu akala kiapo kwamba hayo hayatatokea tena. Tangu hapo, kila ilipobaki miezi miwili kabla ya mtihani, aliwaita ofisini wazazi wa watoto wazito, mmoja mmoja, akawakaribisha kiti kwa sauti laini.

"Mtoto apumzike mwaka huu," alikuwa akisema. "Akomae kidogo. Mwakani atarudi akiwa moto."

Halafu alijaza fomu kwamba mtoto amehama. Mwakani hakuna aliyerudi, wala hakuna aliyetumwa kwenda kumuulizia. Wastani wa shule ukapanda mpaka hamsini na tatu, bodi ikamtunuku cheti, wazazi wakambandika jina la Mama Wastani. Mwanzoni lilikuwa jina la sifa.

Jumamosi akapiga moyo konde, akafunga safari na orodha ya majina kumi na moja. Nyumba mbili za kwanza zilikuwa na wapangaji wapya. Ya tatu, kijana alikuwa utingo wa lori, wiki hii huku, wiki ijayo hakujulikani. Ya nne, mama mmoja muuza mkaa alimfutia kiti vumbi kwa upande wa kanga yake, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mwalimu, kumbe hukupata habari," akasema. "Homa ilimchukua. Mwezi wa nne huu. Hadi anaumwa alikuwa ananiuliza, mama, hiyo mwakani ni lini?"

Mwalimu mkuu alitoa pole, akaitoa tena, akaona haitoshi na hana nyingine. Alipofika njiani alilia, machozi ya kweli kabisa. Lakini nisimpambe: kabla hayajakauka alikuwa ameshalifuta lile jina na kujumlisha yaliyobaki. Saba. Hakuna wa kupoteza hata mmoja.

Siku hiyo na kesho yake alibembeleza mpaka sauti ikakauka. Kuna baba fundi baiskeli aliyemuuliza, bila kuinua macho kwenye mnyororo, "Kwani leo mwanangu ameota akili?" Mwalimu mkuu akamwambia mtoto alikuwa nazo siku zote. "Basi vizuri," fundi akasema, "nilidhani sisi tu ndio tulikuwa tunaziona." Hata hivyo alikubali. Watu hupenda watoto wao wasome kuliko wanavyopenda kulipiza, na hilo lilimsaidia sana mwalimu mkuu bila yeye kulistahili. Kufikia Jumapili jioni alikuwa na sita.

Wa saba alimwacha mwisho makusudi. Alikuwa mtoto wa mdogo wake wa tumbo moja.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha mbele ndicho kilikuwa duka. Jumatatu mchana mwalimu mkuu alipiga hodi, akamkuta amekanyaga pedali na kumpa kisogo. Binti wa miaka kumi na minne alikuwa amekaa chini akishona vifungo kwenye mashati ya watu, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Darasani wenzake walikuwa wakimwita Polepole, kwa kuwa alisoma kwa kuburuta kidole chini ya kila neno, na neno lisipokubali hakuliruka, alilingoja.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Mdogo wake aliendelea kukanyaga pedali. Cherehani ilikimbia mpaka mwisho wa mshono ndipo ikanyamaza.

"Nimeshasikia," akasema. "Mtaa mzima unajua Mama Wastani anapita akiokota watoto aliowatupa. Nilikuwa nahesabu siku tu, nione kama utakuwa na uso wa kuja na hapa."

"Sikumtupa, mdogo wangu," mwalimu mkuu akasema, akikaa kwenye kiti cha wateja.

"Mwaka jana ulinifuata hapahapa, ukakaa hichohicho kiti. Ukaniambia anahitaji kukomaa. Dada, mwanangu si ndizi."

Mwalimu mkuu alitaka kucheka ili mambo yalainike, kicheko kikagoma. Akaeleza: barua, mia na ishirini, barabara kuu. Akasema kuna watoto wa darasa la kwanza wenye miaka sita ambao watavuka yale malori asubuhi na jioni. Akasema amebakiza kichwa kimoja.

"Kichwa," mdogo wake akarudia. "Mwaka jana alikuwa alama, mwaka huu ni kichwa. Mtoto mzima atakuwa lini?"

Hapo ndipo mwalimu mkuu alipofanya jambo ambalo hata yeye hakulitarajia. Aliteremka kitini, akapiga magoti juu ya vipande vya vitambaa, dada mkubwa mbele ya mdogo wake. Mdogo mtu akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Inuka! Inuka dada, usinitie mkosi mbele ya mtoto!"

"Siinuki. Nimekosa, najua nimekosa. Nipe huyu mmoja."

"Na baada ya Jumanne?"

"Atabaki. Nitamfundisha mwenyewe, nitamkalisha mbele yangu."

"Apa."

"Naapa. Haki ya Mungu naapa."

Binti alikata uzi kwa meno. "Nitakwenda, mama," akasema. "Sketi bado itanitosha, nikiachia pindo."

Jumanne, kabla ya kengele, mwalimu mkuu aliwafungia wale saba stoo, katikati ya madawati yaliyovunjika, akawafundisha somo moja. Fomu za kuhama zilikuwa bodi, na kila moja ilikuwa na sahihi yake. Mkaguzi angeuliza. Wakiulizwa waseme: niliumwa nikaenda kukaa kwa bibi, sasa nimepona nimerudi kusoma. Aliwakaririsha mara kumi. Wengine walimgeuza bibi kuwa ndiye mgonjwa, ikawa vurugu. Polepole alikuwa akitikisa midomo peke yake pembeni, kidole chake kikiburuta hewani.

Mkaguzi alifika saa tatu, mtu mpole mwenye mafua, kalamu mkono mmoja na leso mkono mwingine. Alipita darasa kwa darasa akigusa mabega. Mwalimu mkuu alimfuata nyuma, roho mkononi, akihesabu naye kimoyomoyo. Katika darasa la mwisho mkaguzi alitoa zile fomu akawaita waliorudi. Sita walijibu wakigugumia, mmoja akasema bibi ndiye aliyepona. Mkaguzi alianza kukunja uso. Akamgeukia Polepole.

"Na wewe?"

Binti alisimama wima, akamtazama machoni. "Niliumwa nikaenda kukaa kwa bibi. Sasa nimepona, nimerudi kusoma."

Hakukwama popote. Mkaguzi akatabasamu, akaandika. "Huyu ana akili," akasema. "Mia na ishirini, mwalimu. Hongera."

Mwalimu mkuu alishukuru mara mbili. Shule imepona! Wale wa miaka sita hawatavuka barabara. Kisha furaha ikakatika, maana alikumbuka kwamba katika miaka minane ya shule huyu mtoto hakuwahi kusifiwa na mtu, na somo la kwanza alilolishika bila kosa ni uongo, tena aliyemfundisha ni mama yake mkubwa.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, mkaguzi alifungua karatasi nyingine juu ya boneti ya gari. Wanafunzi walikuwa mapumzikoni. Polepole alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale.

"Orodha ya watahiniwa naondoka nayo leo," mkaguzi akasema, akipenga kamasi. "Hawa saba niwaandike?"

Darasa la mwisho lilikuwa na watoto kumi na watano waliozoea kupata hamsini na kitu. Ukiwachanganya na saba wa ishirini ishirini, wastani unaanguka mpaka arobaini na tatu. Chini ya hamsini bodi ilikuwa na orodha nyingine, nayo mwisho wake ulikuwa huohuo: kufungwa. Mwalimu mkuu hakuhitaji karatasi. Kichwa chake kilishazoea kupiga hesabu hizi bila kumwomba ruhusa.

"Waache kwanza," akasema. "Hawajawa tayari. Mwakani."

Neno lilimtoka lenyewe, kwa ile sauti laini ya ofisini. Alitamani alirudishe mdomoni. Mkaguzi alishapiga mstari.

"Kama unavyoona inafaa. Ila mahudhurio yao yaletwe bodi kila Ijumaa. Wakipungua mia na ishirini, nitarudi."

Gari lilipoondoka, Polepole alisogea. Alikuwa amekunja mikono mbele kwa adabu, kama mteja wa mama yake anayeuliza nguo itakuwa tayari lini.

"Mama mkubwa, kesho nije, au ilikuwa leo tu?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa neno moja. Lakini mwalimu mkuu alichelewa. Sekunde mbili, labda tatu, alikuwa bado kwenye arobaini na tatu.

"Njoo, mwanangu. Njoo kila siku."

"Haya," akasema binti, na akamtazama kwa huruma, jinsi mtu mzima anavyomtazama mgonjwa anayesema atapona kesho.

Jumatano mwalimu mkuu alisimama getini tangu alfajiri. Sita walikuja. Mtoto wa fundi baiskeli alikuja akikimbia, kalamu mpya imechomekwa sikioni. Kengele ya kwanza ikalia, ya pili ikalia. Alitazama njia ya kwa mdogo wake mpaka macho yakamuuma, mpaka akabaki yeye na bawabu.

Alirudi ofisini, akafungua rejista ya darasa la mwisho. Mwalimu wa darasa alikuwa ameshawaandika wote, nafasi moja tu ilibaki tupu. Darasa la kwanza, chumba cha pili, walikuwa wakiimba herufi kwa sauti za juu. Alichukua kalamu, akaandika kwamba mtoto wa mdogo wake amefika.