Mikono Ndani ya Kofia

Jumamosi mama yangu alikuwa anatua Heathrow, miaka tisa hatujaonana, na mimi nimepangiwa shifti. Mwenye ofu siku hiyo alikuwa Linus, mwenzangu kazini kutoka Moshi. Siku tatu nzima nilimbembeleza tubadilishane, achukue ofu yangu ya Jumapili, na jibu lake ni lile lile: "Dada Lydia, nitafikiria." Utafikiria nini, jamani? Alinikera!

Alhamisi tulikuwa tunagawa chai kwenye nyumba ya wazee tunakofanya kazi, Kenton, huku tukizozana. Mzee Wilfred, aliyekuwa akipokea madau ya mbio za farasi enzi zake, akatusikia. Akavua kofia.

"Mnajua neno handicap la watu wa kubeti lilitoka wapi?"

Hatukujua. Akatueleza kwamba zamani Waingereza wakibadilishana vitu, mwamuzi alisema mwenye kitu cha thamani ndogo aongeze nini. Kila mmoja aliweka dau kofiani, akatia mkono, ndiyo "hand in cap", mkono ndani ya kofia, kisha wakatoa mikono pamoja. Kiganja wazi, umekubali. Ngumi, umekataa. Mtindo huo ukahamia kwa farasi: mwamuzi akawa anamwongezea mzigo yule mwenye mbio zaidi, ili wote watoshane.

"Leo mwamuzi ni mimi," akasema. "Jumamosi ni nzito kuliko Jumapili. Lydia ataongeza chapati ishirini."

Ishirini! Lakini kwa ajili ya mama ningepika hata mia. Tukatupia tofi moja moja kofiani, tukatia mikono.

"Moja, mbili, tatu!"

Mimi kiganja wazi. Linus ngumi.

Machozi yakanilenga. "Linus, huna huruma hata kidogo! Mama yangu mzazi!"

"Ngoja, dada, sijakataa!" Akafungua ngumi. Ndani kulikuwa na tofi yake. "Sasa ningeiachaje mle?"

"Ngumi ni ngumi!" Mzee akafoka, akampokonya tofi na kuirudisha. "Sheria hii ina umri mkubwa kuliko bibi zenu. Rudieni!"

Tukarudia. Linus akatoa kiganja kitupu, vidole vyote vimetanuka, nami nikamrukia shingoni, chai ikamwagika. Mzee akachukua tofi zote mbili, maana ndiyo haki ya mwamuzi.

Jumamosi nilifika Heathrow saa tatu nzima kabla ndege haijatua. Mama alipotokea na masanduku yake nilipiga kelele mpaka polisi akageuka. Akanishika mashavu, akanitazama juu mpaka chini.

"Woi, Lydia! Umenenepa hivi, na mimi miaka tisa nakuombea usife njaa?"